Makopo Matatu Chini ya Kiti

Nakumbuka asubuhi moja kule Kolo, nimelala chali chini ya pikapu, nikaingiza kidole kwenye tundu la difu na kidole kikatoka kimelowa oili. Difu, mwanangu, ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ndilo linalozungusha magurudumu. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Nikafunga nati, nikajipangusa mikono, nikatoka huku natabasamu peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na furaha ya asubuhi ile ndiyo ninayotaka kukusimulia, maana ilikuwa furaha ya kijinga.

Jumapili iliyopita ulikuja hapa na gari lako, Neema. Ukafungua boneti, ukachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ukanionyesha. Ukasema, "Baba mkubwa, tazama, tangu ninunue haijapungua hata kidogo. Sasa nimwage ya nini?" Ukaongeza kwamba rafiki yako wa kazini kakwambia giaboksi za siku hizi oili yake ni ya maisha. Nyumba ilikuwa na wageni, nikakwambia hongera tu. Leo wageni wameondoka na nimeshika kalamu. Mtu anafanya kazi mahali panapoitwa Chimwaga na bado hajui kumwaga, hilo kwa kweli limenichekesha, lakini usiku huo sikucheka.

Nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu kosa lako nalijua lilikozaliwa. Baba yako na mimi tulikulia Mvumi, na miaka hiyo maji yalifukuliwa kwenye mchanga wa korongo. Unachimba, unasubiri, unachota kwa kibuyu kidogo kidogo. Maji yaliyooshewa vyombo waliyanywa mbuzi. Ya kuoga yalikwenda kwenye maboga nyuma ya nyumba. Siku moja nilimwaga kikombe uani, maji ya mwisho ya kikombe, kidogo tu, na bibi yako alinifinya sikio mpaka nikainama. Basi neno hilo, kumwaga, kwangu lilikuwa jina la dhambi. Nimekuwa mtu mzima nalo.

Nikajifunza udereva, nikapata kazi Kolo kwa Mama Salima. Alikuwa mjane, mama wa Kirangi, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinichukua kwa kuwa aliambiwa sinywi pombe na sisemi uongo. La kwanza lilikuwa kweli.

Mumewe alimwachia watoto watatu wa kike na pikapu moja ya kijani. Shemeji zake walitaka iuzwe mara tu arobaini ilipopita. Yeye akawaomba mbele ya wazee, na wazee wakaamua hivi: maadamu gari linatembea ni lake, alitumie alee watoto. Siku litakaposimama, shemeji watalichukua na kufanya watakavyo. Alinieleza haya siku ya kwanza kabisa, kabla hajanikabidhi ufunguo. Akasema, "Yohana, mimi sijui gari. Wewe ndiye unayejua. Lisisimame tu."

Tukawa tunazunguka vijijini tunanunua alizeti na ufuta, tunashusha Dodoma mjini, tunarudi na sabuni, chumvi na vitenge. Salima, binti mkubwa, alikuwa sekondari. Wadogo zake wawili walikuwa bado shule ya msingi. Wote walivaa viatu, na mama yao hakuwa na kitu kingine cha kutegemea zaidi ya pikapu ile.

Fundi wetu alikuwa Mzee Issa wa Kondoa mjini, mzee mwembamba asiyependa kusema jambo mara mbili. Alinipa masharti. Oili ya injini hii, chujio hili. Halafu akasema giaboksi na difu zimwagwe zote kabla ya mvua, na mvua zikiisha zimwagwe tena. Akamwambia Mama Salima anunue kopo la oili ya gia kila safari hiyo ikifika. Oili ya gia kuipata wakati huo ilikuwa kazi. Mama Salima aliitafuta mpaka akaipata, akanikabidhi kopo kwa mikono miwili.

Oili ya injini nilimwaga bila shida, maana ilikuwa nyeusi, na kitu cheusi ni rahisi kukiaga. Lakini nilipofungua difu nikakuta oili safi, nzito, imejaa. Nikaitazama. Nikamsikia bibi yako. Nikaona haya ni matumizi ya watu wa pwani wenye maji mlangoni, wanaotupa kitu kizima ili waweke kitu kizima. Nikafunga nati. Kopo nikalifunga kwenye gunia, nikalisukuma chini ya kiti.

Jioni Mama Salima akauliza, "Umebadilisha?"

"Tayari, mama," nikasema.

Usifikiri nilitaka kuiba, mwanangu. Kuuza kopo lile kungekuwa jambo dogo, na sikuliuza. Niliona namwekea akiba. Nilijipigia picha siku moja oili imeadimika kabisa, watu wanahangaika, na mimi natoa kopo chini ya kiti na Mama Salima anashangaa jinsi nilivyo mtunzaji. Mvua zilipoisha akaleta kopo la pili, nikafanya vilevile. Kabla ya mvua zilizofuata akaleta la tatu. Kila mara nililala chini ya gari, nikaingiza kidole, nikakuta imejaa, nikasema tayari.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi kuliko tulivyozoea. Makorongo yote ya njia zetu yakawa mito. Tulivuka maji mpaka yakafika kwenye ekseli, tukitoka huku tunavuka tena kule. Na difu haikupungua hata tone. Nilipima, ikawa imejaa. Nikapima tena baada ya siku chache, ikatoka nje yenyewe kidogo nilipofungua. Rangi yake ilikuwa imefifia, imekuwa nyeupenyeupe, na mimi nikasema afadhali, imejisafisha. Hiyo ndiyo asubuhi ya kutabasamu niliyokutajia.

Haukupita muda gari likaanza kulia. Sauti nyembamba kutoka nyuma, ukikanyaga mafuta inalia, ukiachia inanyamaza. Mama Salima akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni barabara. Baadaye nikawa naimba nikiendesha ili yeye asiisikie, na ukweli ni kwamba hata mimi sikutaka kuisikia.

Likatukatikia kwenye kilima kimoja kabla ya kufika Kondoa, mchana, tumebeba alizeti gari zima. Ulitokea mshindo, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likaburuzika na kukaa upande upande barabarani. Mama Salima alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Aliponitazama alikuwa tayari anajua, ingawa hakujua kitu cha gari. Akauliza tu, "Limesimama?"

Mzee Issa alikuja kwa baiskeli, spana zimefungwa kwenye gunia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akasukuma karai chini ya difu, akafungua nati ya chini. Kilichotoka hakikuwa oili. Kilitoka kitu cheupe, kizito, mfano wa uji uliotiwa maziwa, na ndani ya uji ule vipande vya meno ya gia vikawa vinaanguka kwenye karai kimoja kimoja.

"Maji," akasema. "Difu ikiwa imechemka ukaitumbukiza korongoni, inapoa ghafla, inavuta maji ndani. Ndiyo maana nilisema mvua zikiisha umwage. Ulimwaga lini?"

"Mzee, ilikuwa imejaa."

"Sikukuuliza kama ilijaa."

Mimi niliyekua nikichota maji kwa kibuyu kutoka mchangani, nilikuwa nimeyabeba maji kwenye difu sijui kwa muda gani, nikayapima kwa kidole na kuyafurahia.

Mzee Issa akataka kitambaa cha kujifutia mikono. Mama Salima akaenda kutafuta ndani ya gari, chini ya kiti. Akarudi na kopo. Akaliweka chini karibu na karai, akarudi tena. Akaja na la pili. Akaja na la tatu. Yote matatu yalikuwa na vifuniko vyake vya dukani, hayajafunguliwa. Akasimama akayatazama, akatazama karai, akasema, "Kumbe ilikuwepo."

Nilipata aibu ambayo sijaipata tena maishani, na nimeshafanya makosa mengine makubwa tangu siku hiyo. Mzee Issa ndiye aliyenisema. Aliinuka taratibu, akaniambia, "Kijana, difu si mtungi. Mtungi ndio unaupima kwa kujaa. Humo ndani chuma kinasaga chuma mchana kutwa, na oili ndiyo inayokaa katikati yake. Haiungui, haipungui, lakini inachoka, na inabeba vumbi la chuma lote hilo. Wewe ulikuwa unaiangalia ipo au haipo. Ungeiangalia kama bado inafanya kazi." Akafunga spana zake, akaondoka na baiskeli yake akiisukuma.

Vyuma vya kubadilisha vilikuwa vya kusubiri, na shemeji hawakusubiri. Walikuja na trekta kabla wiki haijaisha. Gari limesimama, walisema, na hilo lilikuwa kweli, hata wazee wenyewe walikubali. Nilisimama pale kilimani nikaona pikapu inaburutwa. Tuliporudi nyumbani Mama Salima aliingia ndani, akatoka na yale makopo matatu, akayaweka miguuni kwangu. "Chukua, mwanangu," akasema. "Ndiyo akiba uliyoniwekea." Alisema bila hasira, na nadhani angekuwa na hasira ningelala vizuri zaidi miaka iliyofuata.

Salima hakurudi shule muhula uliofuata. Mama yake alirudi kununua alizeti kwa kupanda malori ya watu, amekaa juu ya magunia, na faida ya mzigo mdogo wa kwenye lori la mtu hailishi na kusomesha watu wanne. Wadogo zake walimaliza darasa la saba. Salima mwenyewe nilimkuta baadaye sana soko la Kondoa, anauza dagaa, ana watoto wake. Aliniamkia vizuri. Alikuwa anapiga hesabu za wateja kichwani haraka kuliko nilivyoweza kufuata, na nikaondoka bila kununua kitu.

Mama yake naye nilikwenda kumwona mara moja, nimeshakuwa na gari langu. Nikamwamkia, akaitikia. Kabla hajauliza habari za nyumbani akauliza, "Umeimwaga oili ya hilo?" Nikasema ndiyo. Safari hiyo ilikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa, akaniwekea kiti.

Sasa nikuambie la kufanya, Neema, nalo si gumu. Oili ya giaboksi na ya difu usiipime kwa kujaa. Soma kile kitabu cha gari lako, kinasema itoke baada ya umbali gani, na ikifika hapo itoke hata kama inang'aa. Ukivuka maji ya kufika kwenye ekseli, usingoje kitabu. Ikinukia kama kitu kilichoungua, au ikiwa na weupe, au gari likianza kulia, usiimbe. Uliza aina ya oili inayotakiwa na uweke hiyo hiyo, usichanganye. Na fundi wako afungue nati ya kujazia kwanza kabla ya ile ya kumwagia, maana ukishamwaga kisha ya kujazia ikagoma kufunguka, gari limelala hapo. Kuhusu hiyo oili ya maisha, muulize rafiki yako ni maisha ya nani. Giaboksi ikifa, maisha ya oili nayo yamekwisha, hapo kasema kweli.

Na kama unasikia uchungu kumwaga, nakuelewa, umeurithi kwetu. Mimi oili chafu naikinga kwenye dumu, simwagi ardhini. Seremala jirani huichukua akapaka mbao na nguzo za uzio, mchwa wasile. Bibi yako angekuwepo angeuliza tu inaenda wapi, ningemjibu, na sikio langu lingesalimika.

Jumamosi lete gari, tutamwaga pamoja. Yale makopo, mawili niliyatia kwenye gari la tajiri wangu aliyefuata, wiki ile ile aliyoniajiri. La tatu lipo stoo, kwenye rafu ya juu, na kifuniko chake. Utalishika mwenyewe ulitikise. Limejaa mpaka leo.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu, akupeleke na akurudishe salama. Alichokukabidhi mtu kwa mikono miwili kikutumikie na kimtumikie yeye. Na asitokee hata siku moja mtu uliyempenda akasimama mbele yako kando ya barabara, akakwambia, "Kumbe ilikuwepo."