Samaki Wangu Waliopinda

Niseme ya aibu kwanza: nililala kifudifudi kwenye migomba ya mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, namchungulia anavyolisha samaki. Mtu mzima, baba wa watoto, nimejaa tope mpaka kwenye meno.

Tulichimba mabwawa msimu mmoja, huku Kimuli, na vifaranga vya sato tukanunua kwa mtu mmoja. Vyake vikanenepa. Vyangu vikabaki saizi ya kidole, migongo imepinda kama mundu, kimoja kina jicho moja tu. Hata vyura wa kwake walikuwa wanaimba! Kwangu viluwiluwi vinaota mguu mmoja, halafu vinakufa. Wivu gani huu, mtu unawaonea mpaka vyura? Na baba mkwe kila akitoka kanisani anapitia kule, anarudi anasifia mchuzi.

Mimi shule niliishia darasa la tano, nikajua tu jamaa ana dawa ya siri. Ndiyo nikalala pale.

"Mwanyumba, unachunga siafu?" Kumbe kasimama nyuma yangu na ndoo ya pumba.

Nikamwambia ukweli, maana uongo hautoki mdomo ukiwa na tope. Akacheka weee, akanifuata mpaka bwawani kwangu. Akatazama juu, kwenye nyanya zangu, akatazama mfereji unaoshuka.

"Bomba la kupulizia dawa unalioshea wapi?"

"Si hapo kwenye mfereji."

"Na mfereji unaingia wapi?"

Nikaufuata mfereji kwa macho mpaka bwawani. Samaki wangu tangu wadogo kama punje ya ulezi wanakulia kwenye dawa ya wadudu. Mvua ikinyesha, inawaongezea.

Shida, baba mkwe alishasema Jumapili ile anakula samaki kwangu. Nikapanga nikate vichwa na mikia, nikaange vipande, kupinda kusionekane. Kisu nilikishika kabisa. Nikakirudisha.

Mzee akala matoke na maharage, akauliza, "Samaki wako wapi, mkwe?"

Nikamweleza yote. Akanawa, akaenda kumalizia siku kwa mwanyumba. Iliniuma mpaka kwenye kucha!

Nikamsimulia rafiki yangu mwenye duka kule mjini Omurushaka, nikitegemea pole. Akaacha kupima sukari, akanikazia macho.

"Kwa hiyo ulitaka kumuua mzee wa watu, ili akupende kuliko mwenzako?"