Triko Tatu Kwa Joto la Beni

Nimeomba sana nisahau siku ile, na Mungu kwa wema wake amenisahaulisha mambo mengi, hasa maneno ya Kigiriki tuliyofundishwa, lakini siku ile ameniachia yote, mpaka rangi za triko, zile sweta za baridi. Basi niwaelezee mwenyewe, kwa sababu huko Bungulu, mtaani kwetu Beni, watu wanaieleza vibaya (wanasema triko zilikuwa tano, zilikuwa tatu).

Mimi ni mzee wa kanisa, wajukuu ninao, na katika uzee huu Mungu alinifungulia njia ya kusoma shule ya Biblia Butembo. Nilishukuru sana. Lakini mwanafunzi ni mwanafunzi hata akiwa na mvi: mwaka wa kwanza nilikula fufu na chumvi, nikaita kufunga, na niliporudi Beni kwa likizo, mke wangu Masika alinizunguka kama mtu anayekagua nyumba iliyoungua. Masika ananunua kakao kwa wakulima, na barazani kwetu kuna bascule ya kupimia magunia. Akanipandisha, akatazama mshale, akachora alama ya chaki pale ulipofika.

"Baba Muhindo," akasema, "miye nilituma mwanaume kwa masomo, hapana fimbo. Batu banasema niko nakunyima chakula. Kama Pasaka unarudia na hii mifupa, masomo imekwisha. Utakaa hapa, utakula."

Masika hasemi mara mbili. Nikarudi Butembo na hofu, maana mwaka mmoja tu ulibaki, nami sikutaka kufa nikiwa nusu mchungaji. Mfuko ulikuwa mtupu kama kawaida, lakini nikaanza kula kwa akili: asubuhi uji wa soya na karanga, mchana maharagi na viazi, jioni mboga ya lengalenga, na avoka, yaani parachichi, kila siku, kwa sababu Butembo wakati wa avoka hata maskini anapaka kama siagi. Nyama niliisikia harufu kwa jirani, nikashukuru kwa harufu. Polepole mashavu yakarudi. Mshipi ukahama tundu.

Hapo ndipo ningetulia. Lakini shule haina mizani, na imani yangu, ninayoihubiri vizuri sana, ilinipungukia asubuhi ya safari ya likizo ya Pasaka. Jumamosi nilikosa gari, kwa hiyo nikaondoka Jumapili kabla ya jua, na Butembo saa ile ni baridi ya kuuma masikio. Nikavaa triko. Nikajitazama katika kioo, nikaona koti linakaa vizuri. Nikaongeza ya pili (si uongo, nikajiambia, ni baridi). Ya tatu niliazima kwa mwenzangu wa chumba, nikaivaa ndani kabisa kwa sababu ilikuwa na jina lake.

Kila mtu anayeshuka Beni anajua: kadiri gari linavyoteremka, joto linapanda na watu wanavua. Mama aliyekaa kando yangu alivua, dereva akavua, mimi nikafunga vifungo. "Papa, uko mugonjwa?" mama akauliza. Nikamwambia niko salama katika Bwana.

Nilifika kanisani moja kwa moja, ibada ikiwa katikati. Masika aliniona kutoka kwa viti vya wamama, macho yakamtoka. "Hee! Baba Muhindo amenona!" Pastori naye akafurahi, akatuita mbele tutoe shukrani, na kwetu shukrani haitembei, inacheza. Ngoma ikapigwa, Masika akatangulia na kuku wa sadaka, mimi nyuma na nanasi kichwani, jasho likishuka mpaka ndani ya viatu, kwaya ikirudia kibwagizo kwa sababu ya furaha yangu. Waliporudia tena, nikaona madhabahu inainama. Kisha nikainama mimi.

"Mumupepee! Mufungue koti!" Mashemasi wakafungua. Triko nyekundu. Wakaivua, ya kijani. Wakaivua, ya bluu, yenye jina la mwenzangu kifuani. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu:

"Mutoe zote, tuone kama ndani kuko mutu."

Hata pastori alishika tumbo kwa kicheko.

Nyumbani nikamsihi Masika anipime mara moja, nijitetee. Akakataa. "Apana. Batu ba kakao banamwangiaka kakao maji ili kilo ipande, na miye nabajua bote. Kitu kibichi hatupime. Tunaanika kwanza." Nikakaa barazani Jumapili ile mpaka jioni, na majirani wakipita: "Muzee, umekauka?"

Jumatatu asubuhi akanipandisha na singlendi na suruali tu. Mshale ukapita alama ya chaki, ukapita tena mbali. Akanishusha, akapapasa mifuko, akanipandisha upya. Mshale ule ule. Akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka machozi.

"Baba Muhindo! Kilo ulikuwa nazo! Sasa triko ilikuwa ya nini?"

Alinirudisha shuleni na maharagi na soya ya kutosha, lakini triko akazibakiza zote, hata ile ya watu, nami nikamaliza masomo nikitetemeka. Nimeahidi mbele za Mungu: popote nitakapoitwa, nitakwenda na mwili alionipa, unene wake ule ule. Watu wamesamehe. Ila shemasi wa mlangoni, akiniona nafika, anashika kwanza mkono wa koti langu, anaminya kidogo, kisha ndipo ananisalimu.