Habiba Hakulia

Juzi, kwenye zahanati moja ya mtaa wa Waberi, nilimsikia mama mmoja akimwambia daktari, "Mwanangu ana usonji. Akiumia halii, kwa hiyo mpime vizuri." Nilitoka nje nikalia.

Dada yangu Habiba hakuwa akisema. Wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini serikali ilipopigana na waasi, tuliishi katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na alasiri moja nilisikia harufu ya nyama ikiungua. Nilifurahi, nikidhani hooyo, kama tulivyomwita mama, anatupikia. Kumbe Habiba alikuwa amefumbata kaa la moto, akiyumbayumba taratibu kama kawaida yake.

Askari wa langoni walituruhusu kwenda kwa daktari. Hooyo alijua Kisomali tu, hivyo mimi, niliyeokota Kiswahili sokoni, ndiye niliyesema. Chumba kilinuka dawa na jasho, na majeruhi walikuwa wakipiga kelele.

"Huyu anaumwa sana?" daktari aliuliza.

Nilimtazama Habiba. Uso wake ulikuwa umetulia, nami nikajivunia ushujaa wake.

"Hapana," nikajibu. "Haumwi."

"Basi mlete kesho."

Kesho yake lango lilifungwa, na halikufunguliwa kwa siku nne. Mkono ulivimba, homa ikapanda, na Habiba akafariki kimya.

Baada ya maziko hooyo aliniuliza, "Ulimwambia nini daktari?"

"Nilimwambia anaumwa sana," nikasema.

Aliniamini mpaka anaingia kaburini.