Injini ya Rangi ya Geti

Mzee wangu alikuwa na wake wawili, mimi na lori. Sikuona wivu hata siku moja, kwa sababu lori haikujua kupika.

Ilikuwa lori ya zamani ya pua ndefu, ya petroli, yenye mlango mmoja unaofungwa na kamba. Miaka ya tisini ilibeba ng'ombe kutoka soko la Bissil mpaka machinjioni huku Kitengela. Ukame ulipotubana ikabeba mitungi ya maji. Siku injini ilipokufa tuliivuta na trekta mpaka nyumbani, tukaiacha kando ya zizi. Kuku wakaingia wakataga ndani. Mimi nilikuwa nafungua mlango wa dereva kutafuta mayai, na mzee ananiangalia kama mtu anayeona nikipekua mfuko wa koti lake.

Sasa Kitengela ikaanza kujaa watu. Kila asubuhi unaona wageni na viatu vyao wameshika kwa mkono sababu ya matope, wanakimbilia gari za Nairobi. Hao wote wanataka mahali pa kulala. Kila jirani akajenga vyumba vya kukodisha. Kijana wetu wa kwanza, ambaye alikuwa na kazi ya ofisi huko mjini, akaja na fundi wa nyumba na futi ya kupimia. Akasema vyumba vitakaa pale pale lori imekaa. Akasema ameshaongea na watu wa vyuma kuukuu, watakuja Jumamosi kuikata na kuibeba.

Mzee akasema lori ni mgonjwa, haijakufa. Kijana akamwambia babake, papa, hii ni skrepa. Hapo nikaweka sufuria chini.

"Wewe ulizaliwa ndani ya hiyo skrepa," nikamwambia. "Hapo Isinya, babako ameshika usukani na mimi nimeshika mlango. Ongea na heshima."

Kijana akacheka, lakini hakurudi nyuma, na sikumlaumu. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na vyumba ni vyumba. Nikawakalisha wote wawili nikakata kesi: lori ikiwaka kabla ya watu wa vyuma kuipakia, inabaki. Ikikataa, inaenda, na hakuna mtu atanuna katika boma yangu.

Mzee alikubali haraka kwa sababu alikuwa amejipanga. Injini ilikuwa imeshatengenezwa upya. Aliipeleka kwa mafundi mjini wakaichonga ndani, wakaweka pistoni mpya na ringi mpya. Iliporudi ilikuwa safi, lakini uchi, ya kijivu kama kuku aliyenyonyolewa. Mzee akaionea huruma. Tulikuwa na mkebe wa rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Akachukua brashi akaipaka injini yote, akapaka na chesi pale injini inakalia, hata vichwa vya bolti hakuacha. Alipaka polepole, ulimi umetoka kidogo. Nilimpelekea chai ikapoa hapo. Mimi hajawahi kunipaka hata mafuta ya mgongo bila kuambiwa.

Halafu akamtumia ujumbe taniboi wake wa zamani, msaidizi wake wa safari zote za lori, aliyekuwa amestaafu kwake Kajiado. Wote wawili walikuwa na wajukuu, lakini huyu bado alimwita mwenzake Dereva, na mwenzake bado alimwita Taniboi. Akafika, tukasalimiana sopa, epa, akaenda moja kwa moja kwa lori. Akainamia injini, akapitisha kidole juu ya rangi.

"Dereva," akasema, "hii tunaiwasha ama tunaioa?"

Walifunga injini, nyaya na kila kitu. Mzee akapanda, akageuza ufunguo. Tak. Sauti moja tu, kama mtu amegonga kikombe na kijiko. Akarudia. Tak.

Wakasema ni betri. Taniboi akaibeba mpaka mjini ikachajiwa, ikarudi. Tak. Wakaazima betri ya jirani. Tak. Kuisukuma haikuwezekana, tairi zilikuwa zimeoza na lori imesimama juu ya mawe. Wakatoa ile handeli ya kuzungusha injini kwa mkono. Wakazungusha kwa zamu mpaka mzee akakaa chini kushika kifua, na injini haikukohoa hata kidogo. Wakatoa plagi kuangalia kama inatema cheche. Hakuna. Mzee akaanza kuwasema mafundi wa mjini, na mama zao, nikamwambia mama zao hawakufunga hiyo injini.

Ijumaa jioni wakafungua stata, ile mota inayozungusha injini, wakaiweka chini kwenye gunia na kuiunganisha kwa betri na nyaya. Ikalia kwa nguvu mpaka ikaruka. Nzima kabisa. Wakairudisha kwa injini. Tak. Usiku huo mzee hakula. Alisema tu, "Labda kweli imekufa," na akageukia ukuta.

Jumamosi watu wa vyuma walikuja mapema na gari yao na mitungi ya gesi ya kukatia. Kijana wetu alikuwa amefika pia. Nikawaambia hao wageni kwetu mtu hafanyi kazi kabla ya chai, na nikaenda kuwasha moto na kuni mbichi makusudi.

Taniboi alikuwa amekaa kwenye jiwe akiangalia injini. Akamuuliza mzee hii stata, ikiwa chini inaimba, ikiwa juu inanyamaza, je, juu kuna nini ambacho chini hakuna? Mzee akasema hakuna kitu.

"Kuna rangi," Taniboi akasema. Akaonyesha ule waya mnene unaorudisha stima ya betri kutoka kwa injini hadi kwa chesi. "Huu waya unatakiwa ushike chuma ndio stata izunguke na plagi iteme cheche, Dereva. Haujashika chuma. Umeshika geti."

Mzee akasema rangi haiwezi kuzuia lori. Taniboi akasema basi tuikwangue tuone. Mzee akasimama mbele ya injini kama mtu anayekinga mtoto asichapwe. Alisema si Taniboi ataiharibu, si imekauka vizuri, si wanaweza kujaribu kabureta kwanza. Kule nyuma niliona mmoja wa watu wa vyuma ameweka kikombe chini.

Nikamwendea. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba ya watoto, wakiikata na gesi pia rangi itatoka."

Akaniangalia. Akachukua kisu mwenyewe, hakumwachia Taniboi. Akafungua bolti, akakwangua mahali padogo kwa injini na padogo kwa chesi, taratibu, kama mtu anatoa mwiba kwa mguu wa mtoto, mpaka chuma kikang'aa. Akafunga. Akapanda.

Injini ikazunguka. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Akageuza tena, ikashika, ikanguruma mpaka mabati ya jikoni yakatetemeka na kuku wakatawanyika. Taniboi akashika bodi ya lori na mikono miwili, akacheka bila kutoa sauti. Mzee hakucheka. Alikuwa anafuta macho, anasema ni moshi.

Kijana wetu alisimama hapo na suruali yake ya ofisi. Halafu akawaambia watu wa vyuma wamalize chai yao waende. Akamwita fundi wa nyumba, wakapima upya.

Vyumba vilijengwa, vichache kuliko alivyotaka, na lori iko katikati yao. Kila Jumamosi mzee anaiwasha ipate joto. Mpangaji mmoja, kijana mpole kutoka magharibi, alinijia akaniuliza kama mzee hawezi kungoja watu waamke. Nikamwambia kodi yake ni ya chumba, kimya hatukodishi. Bado anaishi hapa. Siku hizi yeye ndiye anamshikia mzee mlango akipanda.