Fundo la Kitambaa cha Altare

Tangu mume wake afe, Apolline Bulonza wa mtaa wa Muhumba alikuwa akifua vitambaa vya altare. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini kanisani bado aliitwa Maman Apolline, na kazi ile ndiyo iliyomtoa nyumbani kila Jumatatu.

Mvua ilipobomoa njia ya kanisa, ni yeye aliyewatoa wanaume kwenye kasiksi yao, pombe ya ndizi, akawashikisha majembe. Sista mmoja Mwingereza, mgeni, alimwangalia, akacheka, akasema kitu kwa lugha yake. Mwalimu Isidore akatafsiri mbele ya watu:

"Anasema maman huyu ni nguvu za asili."

Watu wakajitenga naye kidogo. Asili ni mambo ya mababu, na nguvu za namna hiyo mtu huzifuata kwa mufumu, mganga wa kienyeji.

Jumatatu iliyofuata alimkuta Maman Constance, mkubwa wa kikundi cha wamama, amekalia kikapu cha vitambaa, wenzake wamemzunguka.

"Pumzika kwanza, Maman Apolline."

"Nilikuambia nimechoka?"

"Wale walevi walikusikia namna gani? Mimi bwana yangu namwita tangu ndoa, hajageuka."

Wamama hawakucheka. Mmoja alitoa kitambaa kwa ncha za vidole. Pembeni kilikuwa na fundo.

"Na hii? Unafunga altare ya Mungu kwa dawa?"

Kama wangemnyang'anya Apolline kazi hii, angebaki na nini? Hakubishana. Alichukua kitambaa, akafungua fundo kwa meno. Ndani palikuwa na nta ya mshumaa.

"Penye doa nafunga, nisisahau kusugua. Ni mama yangu alinifundisha."

Wakamwita Isidore aeleze yale maneno ya sista. Alijikuna shingo.

"Kule kwao Waingereza, mtu akianza kitu na hakuna wa kumuzuia, wanamufananisha na mvua kubwa ao upepo. Ni kumusifu. Mimi nilikosa neno, nikakamata baya."

"Mvua ndiyo ilibomoa njia," Constance akasema. "Hiyo ni sifa gani?"

Hata hivyo aliinuka kutoka kwenye kikapu, polepole.

Kazi ikarudi kwa Apolline, lakini Constance naye alianza kuja kila Jumatatu, akifungua mafundo yote na kuchungulia ndani. Apolline alimwacha afungue. Halafu akamsogezea beseni na kipande cha sabuni.

"Kwa sababu umeshaliona doa, maman, sugua basi."

Constance akatazama huku na huku, akakunja mikono ya nguo yake.