Mama Klorini na Wapulizaji wa Uongo

Jina la Mama Klorini alipewa na majirani kwa sababu alinukia klorini hata akitoka kuoga. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifua mashuka ya hospitali, na kazi hiyo ilimfundisha kutogusa uso kabla ya kunawa mikono, na kutoamini ndoo ambayo hakuijaza mwenyewe. Alikuwa mjane, akiishi na mama mkwe wake kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita vilivyotazamana, bomba moja uani na choo kimoja nyuma.

Kipindupindu kilipoingia mtaani, gari la matangazo lilipita likisema kwamba wafanyakazi wa afya watazunguka nyumba kwa nyumba kupuliza dawa. Kesho yake asubuhi, Mama Klorini akiwa kazini, wakaja wanaume wawili wenye ovaroli za bluu, barakoa usoni na pampu mgongoni. Waliwaomba watu wote wakae nje nusu saa, maana dawa ni kali. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alikatiza kumpima mteja wake, wakatoka. Mama mkwe naye akatoka na kiti chake, akaenda kukaa kivulini ng'ambo ya barabara. Waliporudi ndani, wapulizaji walishapotelea mlango wa nyuma na cherehani ya fundi, redio ya mama mkwe na simu mbili zilizokuwa zinachajiwa.

Mama Klorini alirudi akakuta uani ni lawama tupu, kila mtu akimuuliza mwenzake alikuwa anatazama wapi. Yeye aliingia ndani. Alipiga magoti chumbani kwake, akainusa sakafu, akapitisha kidole ukutani.

"Sabuni ya unga," alisema. "Wametuibia, na wala hawakutusafishia."

Akamchukua fundi wakaenda kuripoti polisi, kisha wakapitia zahanati. Bwana afya, mkuu wa wapulizaji, alishika kichwa. Watu wake, alisema, walikuwa hawajaufikia mtaa ule.

Waliufikia siku mbili baadaye, wakakuta milango sita imefungwa. Fundi aliwaambia kupitia dirishani kwamba yeye alishapuliziwa mara moja, na akipuliziwa ya pili atabaki na suruali aliyovaa. Waligonga, wakangoja, wakaenda zao.

Alfajiri iliyofuata mke wa fundi alianza kuharisha maji matupu. Mama Klorini alichanganya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, akamwonyesha fundi jinsi ya kumnywesha mgonjwa kidogo kidogo, bila kuacha, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Zahanati wakamtundikia maji palepale. Mama Klorini akarudi nyumbani kusafisha mahali mgonjwa alipotapika, akiwa na glavu na ndoo yake. Akawaambia majirani, chumba baada ya chumba, wachemshe kila tone la kunywa. Lakini choo kilikuwa kimoja, na chupa yake ya klorini ilikuwa inakaribia kwisha. Wapulizaji walipaswa kurudi, hilo hakuwa na shaka nalo.

Alimkuta fundi kwenye benchi la zahanati, macho mekundu.

"Mlango wangu siufungui tena kwa mtu mwenye pampu," fundi alisema kabla hajaulizwa.

"Sikwambii umwamini, shemeji. Nakwambia umpime."

"Nimpime na huu utepe wangu?"

"Kwa maswali. Na wewe mwenyewe usitoke mlangoni."

Fundi alitazama chumba alimolazwa mkewe. Mwishowe akauliza ni maswali gani hayo.

Basi Mama Klorini akaingia kwa bwana afya, akamweleza anachotaka. Majina ya wapulizaji yaletwe siku moja kabla. Wakifika wasimame getini, na wenyeji wapige simu zahanati kwa namba waliyoichukua wenyewe, siyo ile watakayopewa na mgeni. Chumba kimoja kimoja, na mwenye chumba asimame mlangoni, amefunika pua na mdomo. Bwana afya alilalamika kwamba ana nyumba arobaini za kumaliza kwa siku mbili tu. Hayo yote yatamchelewesha.

"Na nyumba mliyofungiwa mlango," Mama Klorini aliuliza, "hiyo mnaimaliza kwa muda gani?"

Bwana afya akachukua kalamu.

Walikuja watatu, mmoja wao mwanamke. Mama Klorini alikuwa amebadilishana zamu ili awepo. Mama mkwe ndiye aliyepiga simu, akasoma majina polepole kama hakimu, na wale watatu wakasimama juani mpaka alipotosheka. Kisha Mama Klorini akasogeza pua kwenye pampu ya kwanza. Machozi yakamtoka kwa ukali wa dawa, akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akamtazama fundi. Fundi alikuwa amekunja mikono mlangoni kwake. Taratibu akaikunjua, akasogea kando kidogo, akawaacha wapite.

Mke wake aliruhusiwa siku ya nne, amekonda lakini anatembea, na hakuna mwingine aliyeugua katika nyumba ile. Bwana afya aliupeleka utaratibu ule mitaa mingine. Wiki haikuisha, kwenye mtaa mmoja, wanaume wawili wenye ovaroli waliambiwa wangoje simu ipigwe. Mmoja alitupa pampu akakimbia. Wa pili alikamatwa na pampu yake ya maji ya sabuni. Fundi aliitwa polisi akamtambua kwa sauti. Cherehani ilikuwa imeshauzwa, na hakuiona tena. Alipata ya kuazima kwa fundi mwenzake, yenye kanyagio zito. Asubuhi moja Mama Klorini alipopita kwenda kazini alimkuta ameinama juu yake, anashona, mlango wazi.