Blanketi la Ngamia

Wahenga waliosema penye nia pana njia hawakuwahi kuamka asubuhi wakakuta barabara kuu imechorwa kati yao na mahali wanapokwenda. Sisi tulikuta. Upande huu walibaki farasi wetu, upande ule likabaki jangwa na miti ya ghafu tuliyozoea kuizunguka alfajiri, kabla jua halijaanza ukorofi wake. Katikati kukawa na uzio mrefu na malori ya zege.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika banda moja nje kidogo ya mji wa Dubai. Kwetu Nyandarua mnyama wa kazi ni punda, na hata huyo sikuwahi kumpanda. Nilikuja kufagia hoteli mtaa wa Al Rigga, nikaishia kufagia nyuma ya farasi, na sikujuta, maana farasi haombi kuongea na meneja. Wale farasi walikuwa na pasipoti, daktari wao na mtu wa meno. Mimi jino likiniuma nilisukutua kwa maji ya chumvi.

Kati yao alikuwapo mmoja wa kijivu, jike, mzee na mkaidi, niliyemwita bibi. Nilimpenda. Watu wengine hutuma salamu nyumbani kila jioni. Mimi nilikuwa namsimulia bibi huku namchana manyoya, naye alisikiliza vizuri kuliko ndugu zangu.

Njia yetu ya jangwani tulikuwa tumeihangaikia kabla hata barabara haijaja. Madam mwenye banda na wapandaji wenzake waliunda kamati, kamati ikanunua rangi nyeupe. Tukapaka mawe, tukayapanga kandokando ili watu wa pikipiki za magurudumu manne wajue hapa si kwao. Tukaokota vigae vya chupa na vijiti vya mishikaki visije vikachoma kwato. Baada ya siku chache wenye mandari walikuwa wameyabeba mawe yetu wakayafanya mafiga. Kamati ikakutana tena, ikala keki, na sisi tukapaka mawe mengine.

Barabara ilipokuja haikuuliza kamati. Wajenzi waliwakumbuka ngamia tu, wakawaachia kivuko, handaki la zege linalopita chini ya magari. Nchi hii ngamia ana heshima zake, huwezi kumfungia njia. Farasi hawakukumbukwa. Madam alipanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka akapewa jibu: afisa atakuja kutazama. Farasi wakivuka kwa utulivu wataruhusiwa, wakileta fujo, khalas, yamekwisha.

Madam alituambia bila kuzunguka. Njia isipopatikana anafunga banda. Farasi vijana wangepata wanunuzi. Bibi hakuwa na wa kumtaka, na sote tulijua farasi asiyetakiwa na mtu huishia wapi. Sikulala vizuri tangu siku hiyo.

Shida ni kwamba farasi na ngamia hawaivi chungu kimoja. Nilipomfikisha bibi mdomoni mwa handaki mara ya kwanza, alinusa, akageuka kurudi nyumbani. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kamba, nikarudi naye kifudifudi. Mchunga ngamia mmoja, mzee wa Kisudani, aliyaona yote akiwa ameketi kwenye mkeka wake. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Tulisemezana kwa kile Kiarabu cha vibarua ambacho hakina mwenyewe.

"Anaogopa nini?" aliniuliza.

"Harufu yenu, ammi."

Alijinusa kwapani. "Mimi nimeoga."

"Ya ngamia, ammi."

Akalivua blanketi mgongoni mwa ngamia wake wa mbele, akanitupia. "Mtundikie anapokula. Njaa haina pua."

Siku ya kwanza bibi alisusa chakula na kunipa mgongo. Siku zilivyokwenda alianza kula huku ametumbua macho, na mwishowe akawa anapitisha pua chini ya blanketi kufuata karoti nilizoficha humo. Mimi ndiye niliyeharibika. Kwenye basi la kurudi mtaani kwetu International City kina mama walihama mmojammoja, nikabaki na viti vya wanawake peke yangu. Mkenya mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja alinisubiri mlangoni.

"Manze, unanuka kama zoo," alisema. "Hizo nguo usiziingize kwa keja."

Nikawa navulia bafuni, lakini nilikuwa na furaha. Bibi alikuwa ameanza kuvuka handaki kwa mazoezi kila asubuhi nyuma ya ngamia wa yule mzee, na farasi wengine walimfuata yeye.

Siku ya afisa, ngamia hawakuja. Walikuwa wamepelekwa mashindanoni, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza saisi. Afisa alifika na kanzu nyeupe pe, akasimama pembeni. Madam alikuwa juu ya farasi wake. Bibi alilitazama lile giza, mbele hakuna ngamia, akakita kwato mchangani. Nilimbembeleza, nikamvuta, nikamtukana kwa Kikikuyu. Wapi.

"Mrudishe," madam alisema polepole. "Basi."

Sikumrudisha. Nilikimbia bandani nikachukua blanketi, nikajifunika kichwa hadi magoti, nikapita mbele ya bibi na kuingia handakini nimeinama. Nikaguna pia kama ngamia, ingawa hakuna aliyeniomba kuguna. Nilitembea gizani bila kusikia kitu nyuma yangu, nikamwomba Mungu, nikaguna tena. Kisha zikaja kwato juu ya zege, taratibu, na pumzi ya moto ikanipiga kisogoni. Nyuma yake wakafuata wengine. Nililia ndani ya lile blanketi, na si kwa sababu ya uvundo.

Tulitokea upande wa pili, kwenye mchanga. Afisa alikuwa ametufuata kwa miguu, kanzu ameikunja mkononi isishike mavi. Alinitazama, halafu akamgeukia madam.

"Farasi wanapita," alisema. "Lakini huyu ngamia ana kibali?"

Bibi hakuwa na muda wa kungoja jibu. Aliingiza pua chini ya blanketi, akanisukuma kifuani, akitafuta karoti yake.